Wito na Kikao vya Siku Moja

Usiku wa Jumapili mpwa wangu alinitumia picha ya barua. "Mjomba, shikamoo. Wamenipa hii Ijumaa. Naweza kudai?" Aya moja tu: ajira yako imesitishwa kuanzia leo, rudisha funguo na kitambulisho. Kabla ya kumjibu nilitoa faili la 2018, lile la stoo, nikatafuta karatasi ya wito wa kikao cha nidhamu.

Kisa chenyewe ni kifupi: nilikuwa mtunza stoo, mali ikapotea, nikaitwa mwizi na kuachishwa kazi. Nilichomwandikia mpwa ndicho nilichokifanya wakati ule. Fomu namba 1 ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, inayoshughulikia migogoro ya kazi hapa Tanzania, iwasilishwe ndani ya siku 30 tangu kuachishwa. Ukichelewa, inabidi kwanza uombe kuongezewa muda kwa fomu namba 2 na kiapo chenye sababu za maana. Madai mengi mazuri hufia hapo, maana mtu alikuwa nyumbani akingoja bosi apoe amwite. Nakala mpelekee mwajiri, yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Na pale wanapouliza unataka nini, andika kila kitu: fidia, notisi ya siku 28, likizo ambayo hukuichukua, cheti cha utumishi, na kiinua mgongo, yaani mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10. Usichokiandika utakuja kuambiwa hakimo kwenye madai.

Kwenye usuluhishi, hatua ya kwanza ya kutafuta maelewano, mwajiri aliniwekea mezani mshahara wa mwezi mmoja. Nikakataa, tukaenda kwenye uamuzi, ambako mwamuzi wa Tume husikiliza ushahidi na kuamua.

Huko mwajiri ndiye anayeanza, kwa sababu ni juu yake kuthibitisha kwamba alikuachisha kwa haki. Meneja alikula kiapo, akaeleza upotevu wa mali vizuri tu, akatoa wito na muhtasari wa kikao cha nidhamu vikiwa vimebanwa pamoja. Mwamuzi akalaza karatasi hizo mbili kando kwa kando.

"Wito aliupokea lini?"

"Tarehe kumi na nne, mheshimiwa."

"Na kikao?"

Meneja akafunua, akarudisha, akafunua tena. Chini ya wito, pembeni ya sahihi yangu, nilikuwa nimeandika kwa kalamu: saa 3:40 asubuhi. Muhtasari ulisema kikao kilifunguliwa saa 5:00, tarehe hiyohiyo. Kanuni za utendaji bora za 2007 zinataka mfanyakazi apewe angalau saa 48 za kujiandaa. Mimi sikupata hata mbili. Mwamuzi akapitisha kidole hadi jina la mwenyekiti, akauliza kama ndiye huyohuyo aliyenishtaki. Ndiye. Hakusema neno, aliandika tu, na katika chumba chote ikasikika kalamu yake. Miezi yote ile nilikuwa nikiitwa mwizi. Pale kwa mara ya kwanza aliyekuwa akitafuta jibu si mimi.

Utaratibu ni nusu ya kesi. Sheria inataka na sababu halali, na hiyo nayo iliwashinda walipokiri kwamba funguo za stoo zilikuwa na watu watatu. Tuzo, yaani uamuzi wa Tume, ikatoka: fidia ya mishahara ya miezi 12, ambayo haikufuta stahiki nyingine. Sheria imerekebishwa tangu hapo, mpwa asome iliyopo sasa. Mwajiri akaomba marejeo, yaani tuzo ipitiwe upya, Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, akashindwa.

Fedha ilipoingia nilikuwa nimeshauza kiwanja cha Kivule ili watoto wasirudishwe shule. Jina langu lilisafishwa kwa maandishi, na hilo nalithamini kuliko fedha. Lakini mtu mwenye kodi ya nyumba na watoto wadogo, akiwekewa mishahara ya miezi mitatu mezani siku ya usuluhishi, sina hakika kama ningemwambia akatae.