Binti yangu ni Chipukizi sasa

Jumamosi binti yangu alivishwa skafu pale Rowallan, kambi ya maskauti iliyo Jamhuri, Nairobi, kando ya msitu wa Ngong Road. Ametoka Sungura, ngazi ya maskauti wadogo, ameingia Chipukizi, ngazi inayofuata kwa umri. Aliinua vidole vitatu akatoa ahadi kwa sauti iliyotufikia wazazi nyuma kabisa, kisha kiongozi wake akampa mkono wa kushoto, kama maskauti wanavyosalimiana dunia nzima. Machozi yalinitoka na sikuyaficha.

Ila kilichonigusa zaidi ni jioni yake. Watoto hawa wa ghorofani, waliozoea gesi, walikoka moto wa kuni wenyewe, wakasonga ugali (uliungua kidogo chini, wakaumaliza wote), wakasimamisha mahema kwa mafundo waliyofundishana. Aliyejua alimwonyesha asiyejua, hakuna mtu mzima aliyeingilia.

Februari 22, siku aliyozaliwa Baden-Powell, mwanzilishi wa uskauti, kundi lao litakwenda Nyeri kwenye kaburi lake. Alizikwa huko mwaka wa 1941. Wazazi wenzangu, ulizeni kama shule ya mtoto wako ina kundi. Kama halipo, mwombeni mwalimu mkuu alianzishe. Mimi kesho niko soko la Gikomba kumtafutia viatu vya safari.