Nilivyomsaidia binti yangu projekti ya misheni: tulianza na mfereji, kanisa likaja mwisho

Tunaishi San Antonio, Texas, na huku watoto wa darasa la nne wanasoma historia ya jimbo lao, basi binti yangu akaja na karatasi, atengeneze modeli ya misheni ya Wahispania, muda wiki mbili. Mimi mtu wa Marangu, Kilimanjaro, misheni ninayoijua ni ile ya Walutheri, shule na zahanati, hizi za Texas nilikuwa nazipita tu na gari nikienda kazini.

Jioni ya kwanza tukakata boksi, tukasimamisha kanisa na kengele yake, tukadhani tumemaliza. Akaniuliza, "Baba, sasa watu walikuwa wanalala wapi?" Nikakosa jibu. Jumamosi tukaenda kujionea.

Tulianza na misheni ya San José, iliyoanzishwa 1720. Pale ndo nikaelewa kanisa ni kipande tu, yaani ni kijiji kizima kimezungushiwa ukuta wa mawe, na vyumba vya familia vimeegemea ukuta huohuo (vingi vimejengwa upya miaka ya 1930), nje kuna matanuri ya mkate, kuna ghala la nafaka na kinu cha maji. Kuna kipindi waliishi humo watu kama 350, wenyeji wa vikundi vidogo vidogo ambavyo leo vinaitwa kwa jumla Coahuiltecan, watu waliozoea kuhama wakiwinda na kuchuma matunda porini, ila Waapache wanawashambulia, magonjwa yanawamaliza, njaa nayo, wakaingia misheni. Humo ndani mwenye amri ni kengele, inalia alfajiri waende sala, inalia waende kazini, inalia wale, inalia sala tena. Waliotoroka walifuatwa wakarudishwa, mara nyingine na askari. Mwaka 1739 ikaingia ndui, ikaua wengi mno. Nilipomweleza hilo binti yangu alikaa kimya muda mrefu, nami sikumharakisha.

Halafu misheni ya Espada. Hapo kuna daraja la maji lenye matao mawili ya mawe, lilijengwa miaka ya 1740, linavusha maji juu ya kijito na mpaka leo yanapita. Nilisimama pale nikamkumbuka babu yangu na mfongo wake, yaani mfereji wetu wa Kichaga, jembe begani, anazibua majani maji yafike kwenye migomba. Ni kitu kilekile jamani! Hakuna pampu, unaziba mto juu kule, maji yanashuka yenyewe taratibu mpaka kwenye mahindi na maharage. Wahispania mfereji wanauita acequia, na zamu ya maji waliiita dula, ambalo ni neno la Kiarabu, ndugu na dola yetu (ile ya serikali, siyo ya pesa), kwa sababu Waarabu walitawala Hispania karne nyingi wakaacha ujuzi wa umwagiliaji pamoja na maneno yake. Nikaanza kuyaona na mengine, alcalde, yule kiongozi ambaye wenyeji wa misheni walimchagua miongoni mwao, asili yake ni kadhi, na kipimo chao cha uzito, arroba, ni robo kabisa. Nilifurahi sana siku ile.

Tukarudi nyumbani tukabomoa kila kitu tukaanza upya na mfereji. Tulipasua mirija ya soda kwa urefu, matao tukakata kwenye zile roli za karatasi za chooni. Mara ya kwanza maji yalisimama katikati na boksi likalowa likalegea kabisa. Dawa ikawa mbili: nikayeyusha mshumaa nikapaka nta kila mahali maji yanapopita, halafu tukaweka viberiti chini ya upande wa juu, mteremko mdogo tu, maana ukizidisha maji yanaruka tao yanamwagika. Majaribio kama sita hivi. Baada ya hapo ukuta, vyumba, tanuri la udongo, na kanisa tuliliweka mwisho kwenye kona.

Siku ya kuwasilisha alimimina kikombe kimoja, maji yakavuka matao yote mawili yakafika kwenye punje za mahindi tulizogandisha kwa gundi. Mimi nilikuwa nyuma ya darasa. Kwenye kibao cha mfereji alikuwa ameandika acequia kwa herufi kubwa, na chini yake, bila mimi kumwambia, mfongo.