Chini kidogo ya goti la kushoto

Majibu ya maabara yaliandikwa kwa kalamu ya bluu, herufi zimebanana, na mimi niliona neno moja tu: Salmonela. Nilimtazama daktari nikidhani karatasi zimechanganywa. Salmonela naijua ni bakteria wa tumbo. Mtu kala kuku hakuiva vizuri, kaharisha siku mbili tatu, yamekwisha. Sasa imefikaje kwenye mfupa wa mwanangu, ambaye hata kuharisha hakuharisha?

Mwanangu ana selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Walio na mtoto kama yeye wanayajua maisha yetu: maji ya kunywa kila saa, kidonge cha foliki, sweta asubuhi za baridi, kliniki. Maumivu tumeanza nayo mapema, tangu vidole vyake vya mikono na miguu vilipovimba kabla hajatembea vizuri. Chembe nyekundu za damu zinajikunja kama mundu, zinakwama kwenye mishipa midogo, na sehemu iliyokosa damu ndiyo inayouma. Nimeyajua maumivu hayo kwa sura zake zote. Huanza mgongoni, yakahamia mikononi, kesho yako kwenye mapaja.

Haya hayakuhama. Yalikaa kwenye muundi wa kushoto, chini kidogo ya goti, mahali unapoweza kupafunika kwa kiganja. Ngozi ilivimba ikang'aa, ina joto kuliko mguu wa pili. Nikigusa kwa ncha ya kidole, anapiga kelele. Homa ilishuka akipewa paracetamol, usiku ikapanda tena.

Kituo cha kwanza tulichokwenda walimtundikia dripu, wakamchoma sindano ya maumivu, wakatwambia turudi nyumbani. Siwalaumu kwa kulifikiria lile la kawaida kwanza, maana kwa watoto hawa mishipa kuziba hutokea mara nyingi zaidi sana kuliko mfupa kupata maambukizi, na yote mawili huja na uvimbe, homa na kilio kilekile. Hata madaktari bingwa hupata taabu kuyatenganisha. Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba nilisema, "Sista, haya siyo yale ya siku zote," nikajibiwa, "Mama, si unaujua ugonjwa wake?" Naujua. Ndiyo maana nilisema.

Eksirei ilitoka safi. Baadaye nilielezwa kuwa maambukizi ya mfupa yanaweza yasionekane kwenye eksirei kwa siku 10 hadi 14 za mwanzo, kwa hiyo picha safi mapema haithibitishi kitu. Hospitali ya pili tulimkuta daktari kijana aliyeniuliza swali ambalo sikuwahi kuulizwa: "Mama, wewe unaona nini tofauti safari hii?" Akanisikiliza mpaka nikamaliza. Akaagiza ultrasaundi, ikaonyesha majimaji chini ya utando unaofunika mfupa. Wakavuta kwa sindano. Ulikuwa usaha.

Usaha ule na damu vilipelekwa maabara kuoteshwa kabla hajaanza antibiotiki, kwa sababu dawa ikitangulia vijidudu vinaweza visiote, na hapo unatibu kwa kubahatisha. Kwa watu wengi mfupa ukiambukizwa, mhusika ni stafilokokasi, bakteria anayekaa kwenye ngozi na puani. Kwa mwenye selimundu, salmonela iko mstari wa mbele. Daktari akimpa dawa inayolenga stafilokokasi peke yake, mtoto anaweza kuendelea kuungua ndani huku kila mtu akisubiri nafuu.

Nilimwomba daktari anieleze njia ambayo salmonela ilipita, akakaa kwenye ukingo wa kitanda akanieleza. Bandama ndiyo inayochuja damu na kukamata vijidudu. Kwa watoto hawa bandama yenyewe huzibwa mishipa mara kwa mara, na wengi wanapofikisha miaka 5 imeshakufa kazi. Mishipa midogo ya utumbo nayo ikiziba, ukuta wake unadhoofika, salmonela inapenya kuingia kwenye damu bila tumbo kulalamika. Hakuna wa kuikamata. Inazunguka mpaka ikute kipande cha mfupa kilichokufa kwa kukosa damu siku za nyuma, inajenga hapo. Na kwa kuwa damu haifiki hapo vizuri, chembe nyeupe hazifiki, dawa nayo inafika kwa shida. Ile penisilini wanayopewa hawa watoto wakiwa wadogo hukinga hasa nimokoki, bakteria wa nimonia. Salmonela haiihusu.

Alipelekwa chumba cha upasuaji wakausafisha usaha. Kisha antibiotiki ya seftriaksoni kwa mshipa. Mishipa yake imechomwa sana tangu utotoni, na kila kanula mpya ilikuwa vita: muuguzi anapiga piga mgongo wa kiganja, anafunga mpira juu ya kiwiko, anapapasa, anahamia mkono wa pili. Yule mtoto alikuwa anawaelekeza mwenyewe, "Sista, jaribu huu wa pembeni." Tuliporuhusiwa tulipewa vidonge vya siprofloksasini kukamilisha wiki 6.

Nyumbani mayai sasa yanachemshwa mpaka kiini kikauke, na ubao wa kukatia kuku haukatiwi kachumbari. Kobe wa watoto wa jirani, ambaye mwanangu alimpenda sana, nimemwomba mama yao asimlete tena kwetu, kwa sababu kobe na mijusi hubeba salmonela bila kuumwa. Alielewa. Mwanangu hajaelewa bado, na sijui nitamlaumu vipi.

Jumatano tunarudi kwa daktari wa mifupa. Mwanangu anataka kuuliza lini atacheza mpira. Mimi nataka kujua kama ile sehemu ya mfupa inayokulia, pale karibu na goti, imeguswa, maana bado anarefuka.