Virusi vya uchi kumbe vina koti la wizi

Mi nilikariri kama wengine, virusi viko vya aina mbili, vyenye utando wa mafuta kwa nje kama HIV na vile vya uchi vyenye ganda la protini tu kama polio na homa ya ini A, na hivi vya uchi ati havitoki kwenye seli mpaka ipasuke. Kwenye mtihani unapata maksi zako, ila sio kweli yote.

Iko hivi, seli zetu muda wote zinatoa vifuko vidogo vya utando, vile vidogo kabisa vinaitwa eksosomu, nanomita 30 mpaka 150 hivi, ndani kuna protini na RNA (nakala za maelekezo ya jeni) za kupelekea seli nyingine. Miaka ya 1980 vilionekana kwenye chembe nyekundu changa za damu zikitupa protini ambazo hazizihitaji tena, kwa hiyo watu wakavichukulia kama takataka tu. Virusi vyenyewe vilishajua kitambo kwamba huo ni usafiri wa bure.

Mwaka 2013 ndo ikaonyeshwa kirusi cha homa ya ini A kikiwa kwenye damu kimejifunika utando wa seli kilikotokea, kingamwili zinapita pembeni tu hazikioni. Halafu kikishuka utumboni nyongo inakivua koti, kinatoka kwenye kinyesi kiko uchi, na huko nje uchi ndo unakifaa maana ganda lake ni gumu balaa. Aisee!

Polio nayo (2015) inapanda kwenye kifuko kimoja virusi vingi kwa mpigo, na hapa ndo naona ujanja wenyewe, RNA ya virusi hivi inanakiliwa na makosa kibao sasa mkiingia kundi zima kwenye seli moja, mwenye kasoro anabebwa na mwenzake. Rota na noro, virusi vya kuharisha, ikaonekana hivyohivyo 2018, na rota ya kwenye vifuko iliumiza panya zaidi kuliko idadi ileile ya virusi vinavyotembea kimoja kimoja.

Nikajiuliza, sasa mbona chanjo ya homa ya ini A, inayotegemea hizo kingamwili, inafanya kazi? Kumbe kifuko kikishamezwa na seli mpya utando unayeyushwa humohumo ndani, na kingamwili iliyomezwa pamoja nacho inakidaka hapo, koti limeshavuliwa.