Wanaharakati wa wanyama hapa Uingereza: ninayemchangia na nisiyempa hata saini

Mwenzangu kazini alinitumia ombi la mchango. Pesa zilikuwa za mawakili wa vijana wa Animal Rising, kundi la kutetea wanyama, wale walioingia shamba la MBR Acres pale Wyton, Cambridgeshire, Desemba 2022, wakatoka na mbwa 18 wa aina ya beagle waliozalishwa kwa ajili ya maabara. Nikachangia. Siku chache baadaye mtu wa kundi jingine akanitumia anwani ya nyumbani ya mfanyakazi wa kampuni fulani, akitaka niisambaze. Nikaifuta na kumwambia asinitumie tena kitu cha namna hiyo. Wadogo zangu ninaoishi nao mji huu wakashangaa: "Dada, wezi wa mbwa unawachangia, halafu hawa wenzao unawafukuza?" Jibu langu halitoshi kwenye WhatsApp, ndiyo maana naliandika hapa.

Mimi huangalia gharama ya kitendo inamwangukia nani. Mwanaharakati anayeonyesha uso wake, akatia hatarini mwili wake na uhuru wake, kisha akasimama mbele ya hakimu na kusema "ndiyo, nilifanya," huyo nitamsikiliza na mara nyingi nitamsaidia. Anayeziba uso na kumpelekea hofu mke wa mtu, mtoto wa mtu, au kibarua wa zamu ya usiku, simuungi mkono hata kidogo. Na hapo sijali kama mnyama anayemtetea anateseka kweli.

Kwa wahamiaji wenzangu mliofika juzi, mjue kwamba jambo hili hapa ni kongwe. Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuzuia ukatili kwa ng'ombe na mifugo mingine mwaka 1822, na chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama kinachoitwa leo RSPCA kikaanzishwa mwaka 1824. Wanaovuruga uwindaji wa mbweha walianza kujipanga mwaka 1963, na uwindaji huo kwa mbwa ukapigwa marufuku England na Wales kwa sheria ya 2004. Mwaka 1976 Ronnie Lee na wenzake wakaanzisha Animal Liberation Front, kundi lisilo na ofisi wala orodha ya wanachama: yeyote aliyevunja maabara au kufungua mabanda kwa kufuata masharti yao aliweza kujiita mmoja wao. Sharti mojawapo lilikuwa kuchukua kila tahadhari asidhuriwe kiumbe chochote, binadamu akiwemo.

Sharti hilo halikuwazuia wengine. Huko Staffordshire kulikuwa na familia iliyofuga simbilisi wa kuuzia maabara. Waliandamwa miaka mingi, wao, wafanyakazi wao na hata watu waliofanya nao biashara ndogondogo. Oktoba 2004 watu walikwenda usiku makaburini, wakafukua kaburi la mama mkwe wa mmoja wa wenye shamba, aliyekuwa amezikwa miaka saba, wakauchukua mwili. Agosti 2005 familia ikatangaza kwamba inaacha ufugaji huo. Mabaki ya yule mama yalipatikana porini mwaka 2006, mwaka uleule watatu walipohukumiwa miaka 12 kila mmoja na mwanamke mmoja miaka minne.

Najua kuna watakaoniambia: lakini si lile shamba lilifungwa? Lilifungwa kweli. Ila tazama kilichofuata. Majaribio kwa wanyama yaliendelea, na mwaka 2005 Bunge likatunga vifungu maalumu vinavyowalinda wafanyabiashara wa maabara peke yao. Kampeni iliyoitwa SHAC, dhidi ya Huntingdon Life Sciences, kampuni ya majaribio kwa wanyama, nayo ilitisha mabenki hadi yakakimbia, na mwaka 2001 Benki Kuu ya England ikalazimika kuifungulia kampuni hiyo akaunti, jambo lisilo la kawaida hata kidogo. Mwaka huohuo mkurugenzi wake alipigwa kwa mipini ya sururu nje ya nyumba yake. Mwaka 2009 viongozi wa kampeni walifungwa, mmoja wao miaka 11. Na wale minki, wanyama wadogo wala nyama wanaofugwa kwa manyoya yao, waliofunguliwa kwa maelfu kutoka shamba la manyoya karibu na Ringwood, Hampshire, mwaka 1998? Wengi waligongwa na magari au kupigwa risasi, na waliobaki wakawashambulia wanyama wengine porini. Aliyefungua vizimba alikwisha kwenda zake.

Sasa niwaeleze kwa nini hili la vitisho linanigusa mimi binafsi. Kazi ya kwanza niliyoipata nchi hii kupitia wakala ilikuwa kiwanda cha kuku, zamu ya usiku, kitengo cha kutundika. Kuku hufika ndani ya makreti ya plastiki. Chumba kina taa za buluu, kwa sababu kwenye mwanga huo kuku haoni vizuri na hutulia. Unamshika miguu yote miwili, unamgeuza kichwa chini, unaibana miguu kwenye pingu za chuma zinazopita mbele yako bila kusimama, unamchukua mwingine. Ukichelewa, pingu inapita tupu na msimamizi anaiona. Vumbi la manyoya linakuganda kooni. Kupitia glavu unasikia joto la yule kuku na moyo wake unavyokwenda mbio. Kutoka hapo mnyororo unampeleka kwenye beseni la maji yenye umeme, kisha kwenye kisu. Zamu ikiisha, vidole havikunjuki.

Alfajiri moja, basi letu likitoka getini, wanaharakati walikuwa wamesimama na mishumaa. Mmoja alikuja hadi dirishani akapiga kelele: "Wauaji!" Ndani tulikuwa Waafrika, Waromania na watu wa Timor Mashariki, wote hoi kwa usingizi. Mzee mmoja wa kwetu, tuliyezoea kumwita Baba Rehema, akaniuliza taratibu: "Mwanangu, huyu anadhani kiwanda ni changu?"

Asubuhi nyingine, kituo kilekile, mama mmoja wa kundi lilelile alikuja bila bango. Akatusalimia. Akauliza mikono yetu inaumaje, mnyororo unakwenda kasi gani, na kama tumewahi kuona kuku akifika mbele bado ana fahamu. Nilimweleza niliyoyaona, pamoja na kuku waliofika wamevunjika mabawa na watu waliokatazwa kwenda chooni mpaka mnyororo usimame. Akaandika yote, ya kuku na ya watu, kwenye daftari moja. Yule mama angeniomba chochote siku ile ningempa. Machinjio mengi ya nchi hii yanaendeshwa na mikono ya wahamiaji, na hata madaktari wa mifugo wanaokagua humo wengi mno wametoka nje. Hakuna mwanaharakati atakayejua kinachotendeka ndani bila sisi. Kututukana ni kujifungia mlango mwenyewe.

Kamera za siri ninaziunga mkono bila kusita, hata kama mtu ameingia mahali asiporuhusiwa. Chukua suala la nguruwe. Sehemu kubwa ya nguruwe wa England huzimishwa fahamu kwa kushushwa ndani ya shimo lenye gesi ya kabonidioksidi nyingi. Gesi hiyo ikikutana na unyevu wa macho na pua hugeuka tindikali inayochoma, na mnyama hupambana akitafuta hewa kabla ya kuzimia. Mwaka 2003 baraza la ushauri la serikali yenyewe kuhusu ustawi wa mifugo lilisema njia hiyo haikubaliki, likataka iondolewe ndani ya miaka mitano. Miaka mitano ikapita, kumi ikapita, ishirini ikapita. Mwaka 2023 mwanaharakati Joey Carbstrong alitoa video alizonasa kwa kamera fiche ndani ya shimo kama hilo, na ndipo watu wengi waliposikia kwa mara ya kwanza wale nguruwe wanavyolia. Serikali ilikuwa na ripoti kabatini muda wote huo. Sasa niambie, aliyevunja uzio ndiye mkosaji mkubwa hapo? Hata kamera zilizofungwa kisheria kwenye machinjio yote ya England tangu 2018 zilidaiwa baada ya chama cha Animal Aid kuanza kuficha za kwake mwaka 2009 na kuonyesha ukatili uliokuwa ukifanyika wakaguzi wakiwa humohumo.

Na yupo mtu ambaye kila nikisikia wanaharakati wote wakiitwa magaidi namkumbuka. Jill Phipps, umri miaka 31, tarehe 1 Februari 1995, uwanja wa ndege wa Coventry. Walikuwa wakizuia malori yaliyobeba ndama wa kusafirishwa kwa ndege kwenda kufugwa Ulaya ndani ya vizimba ambavyo Uingereza ilikwisha vipiga marufuku tangu 1990. Alikimbilia lori, akaingia chini ya magurudumu, akafa, akimwacha mtoto mdogo wa kiume. Sheria ya kuzuia kusafirisha mifugo hai kutoka Great Britain kwenda kuchinjwa au kunenepeshwa nje ilipatikana Mei 2024. Miaka 29. Hakumtisha mtu yeyote.

Kuna jambo jingine ambalo kwetu Waafrika ni zito. Mwaka 2005 shirika la kutetea wanyama la PETA lilizungusha maonyesho kwenye miji ya Marekani: picha za watu weusi waliofungwa minyororo na walionyongwa mtini, na kando yake picha za ng'ombe machinjioni. NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi huko, walilalamika, na walikuwa na haki. Miaka miwili kabla PETA walikuwa wamefanya vilevile kwa picha za kambi walimouawa Wayahudi. Mwaka 2012 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilikubali uamuzi wa Ujerumani wa kuyazuia mabango hayo. Nimesoma utetezi wao, kwamba mateso ni mateso. Sikubaliani nao. Aliyenyongwa pale alinyongwa huku wauaji wakimwita mnyama. Kumweka tena kando ya ng'ombe, bila kumuuliza mjukuu wake, ili mpita njia mzungu ashtuke, ni kumtumia kama kifaa. Mateso ya ng'ombe yanajieleza yenyewe, wala hayahitaji maiti ya babu yangu.

Ndugu zangu Waislamu nao wana lao. Hapa wapo watu ambao huwezi kuwasikia wakisema neno kuhusu gesi ya nguruwe wala mnyororo wa kuku, lakini kwenye nyama ya halali wanageuka watetezi wakubwa wa wanyama. Wala hawasemi kwamba sehemu kubwa ya nyama ya halali ya nchi hii inatokana na wanyama waliozimishwa fahamu kabla ya kisu. RSPCA wanapinga kuchinja bila kuzimisha, na wanapinga pia hiyo gesi. Hao naweza kukaa nao mezani tukabishana. Anayemkumbuka mnyama siku ya kumsema Mwislamu tu, karatasi yake siigusi.

Ningependa vijana wetu wamjue Henry Spira. Alizaliwa Antwerp, Ubelgiji, akahamia Marekani, akawa baharia, kisha mwalimu. Mhamiaji kama sisi. Mwaka 1976 alianza kupinga majaribio ya paka katika jumba la makumbusho ya viumbe huko New York, na mwaka uliofuata yakakoma. Kisha akawageukia watengeneza vipodozi waliokuwa wakitia kemikali machoni mwa sungura. Alianza kwa kuzungumza na kampuni ya Revlon faraghani. Walipompuuza, Aprili 1980 akalipia ukurasa mzima wa gazeti la New York Times akiuliza wanapofusha sungura wangapi kwa ajili ya urembo. Kabla mwaka haujaisha Revlon walitoa dola 750,000 kwa Chuo Kikuu cha Rockefeller kutafuta njia mbadala. Hakuwaita mashetani, aliwaachia mlango wa kutokea wakiwa na heshima yao, na wengine wakaufuata. Sipendi kila mtu awe Spira, kuna wakati lazima mtu asimame mbele ya lori. Lakini ukihesabu sungura waliopona, sijui nani anamzidi.

Mwisho, suala la makaratasi, maana wenyeji wanaowaalika kwenye maandamano huwa hawalifikirii. Kuandamana kwa amani ni haki yako hata kama si raia. Lakini tangu sheria ya 2023, kujifunga kwa mnyororo au gundi kwenye lango kunaweza kuwa kosa la jinai. Kwa sheria ya 2007, asiye raia akifungwa miezi 12 au zaidi anaingia kwenye mkondo wa kurudishwa kwao, na hata kosa dogo litaulizwa siku unapoomba uraia na kupimwa tabia njema. Kijana Mwingereza akitoka na mbwa kwapani anahatarisha kazi. Wewe unahatarisha watoto wako kukua bila wewe. Ukiamua kuingia, uamuzi ni wako, lakini muone wakili wa uhamiaji kabla, na usikubali asiyehitaji viza akwambie unaogopa.

Kitu kimoja ambacho wengi wetu hatukitumii: Mkenya, Mtanzania, Mganda na Mnyarwanda mwenye kibali cha kuishi hapa ni raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola, kwa hiyo anaweza kujiandikisha na kupiga kura hata uchaguzi wa Bunge, kabla hajawa Mwingereza. Mimi nimejiandikisha. Nimemwandikia mbunge wangu kuhusu ile gesi nikamtajia ripoti ya 2003, akanijibu kwa barua ileile wanayomtumia kila mtu. Nimemwandikia tena kuomba nafasi siku yake ya kuonana na wapiga kura, na Baba Rehema amekubali kwenda nami.