Rejesho au Muda

Kijana wa benki alituuliza swali moja, na mimi na mume wangu tukalijibu kwa wakati mmoja kwa majibu mawili tofauti.

Ilikuwa mwishoni mwa Agosti 2022, kwenye tawi la mjini, si mbali na Posta. Asubuhi ile tulikuwa tumeingiza kwenye akaunti shilingi 10,200,000. Kati ya hizo, 7,600,000 zilitoka kwenye gari letu, Spacio, tuliloliuza wiki mbili kabla. Nyingine 1,900,000 zilikuwa mgao wangu wa kikoba tulichokivunja mwezi wa sita, na 700,000 ndizo zilizobaki kwenye posho yangu ya kusahihisha mitihani ya kidato cha sita. Milioni kumi zilikuwa za kupunguza deni la nyumba. Laki mbili zilikuwa ada ya kulipa kabla ya wakati, iliyotajwa kwenye ukurasa wa mkataba ambao mwaka 2013 niliusaini bila kuusoma.

"Mama, hii milioni kumi, tuwapunguzie rejesho au tuwapunguzie muda?"

"Rejesho," akasema mume wangu.

"Muda," nikasema mimi.

Kijana akaondoa vidole kwenye kompyuta akatutazama kwa zamu. Tulikuwa tumeongea usiku mwingi kuhusu kuuza gari, kuhusu kikoba, kuhusu kulipa deni mapema. Swali hili hatukuwahi kuulizana kwa sababu hatukujua kwamba lipo. Kila mmoja alidhani jibu lake ndilo maana yenyewe ya "kupunguza deni."

Nyumba ipo Kibada, Kigamboni, vyumba viwili na sebule, na chumba kimoja cha uani tulichojenga baadaye tofali kwa tofali. Tulikopa milioni 28 kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka, tulipe kwa miaka 15. Rejesho lilikuwa 451,000 kila mwezi. Siku ya kukabidhiwa funguo, Machi 2013, nililia mlangoni, kwani nilikuwa nimehama nyumba za kupanga mara sita.

Mimi ni mwalimu wa hisabati wa sekondari. Nimefundisha riba ubaoni miaka mingi, lakini ya kwangu mwenyewe sikuwahi kuikokotoa hadi Juni 2022, nilipoomba benki wanipe taarifa ya mkopo. Tulikuwa tumelipa mara 111, jumla inazidi kidogo milioni 50. Salio likasomeka milioni 19 na laki tatu. Nikaona wamekosea. Nikachukua daftari nikapiga mwenyewe, mstari kwa mstari. Hawakuwa wamekosea. Kwenye rejesho letu la kwanza kabisa, lile la Aprili 2013, shilingi 420,000 zilikuwa riba, na 31,000 tu ndizo zilizogusa deni. Miaka tisa tulikuwa tunalisha riba, na deni lenyewe tulilimega kwa kucha.

Nilikaa na daftari lile mezani hadi umeme wa LUKU ukakata. Sikumwamsha mtu. Niliona aibu ambayo hata leo nikiikumbuka inanichoma, maana nilikuwa na elimu ya kuliona jambo hili tangu siku ya kwanza.

Na mwaka wenyewe haukuwa wa kuvuta pumzi. Nina daftari jingine, la matumizi ya nyumbani, naliandika tangu tuoane. Mwanzoni mwa 2021 dumu la lita tano la mafuta ya kula nimeandika 22,000. Agosti 2022 nimeandika 38,000. Mtungi wa gesi ulitoka 48,000 ukafika 58,000. Mwezi wa tano nauli ya daladala ya karibu ilipanda kutoka 400 hadi 500. Mwezi huohuo ikatangazwa nyongeza ya asilimia 23.3 kwenye kima cha chini cha mshahara, na ofisi ya walimu ikajaa vicheko. Kumbe asilimia ile ilikuwa ya kima cha chini. Mshahara wa Julai ulipoingia, kwangu iliongezeka elfu ishirini. Halafu tarehe 3 Agosti petroli ya Dar es Salaam ikatangazwa 3,410 kwa lita. Mume wangu alikuwa akivuka daraja kila siku kwenda ghalani kwake, Barabara ya Nyerere, na kwa wiki gari lilikunywa lita ishirini.

Jioni ya tarehe ile ndiye aliyesema, "Mama Tumaini, tuliuze." Si mimi niliyemwomba. Hilo lazima liandikwe.

Sasa kijana wa benki akasema, kwa adabu, "Nendeni mkaongee. Mimi nipo hadi saa tisa."

Tulitembea hadi Feri bila kusemezana. Tukakaa kwa mama lishe mmoja karibu na soko la samaki, tukaagiza chai na chapati. Nikageuza nyuma ya ile karatasi ya salio nikaandika. Baada ya milioni kumi tungebaki na deni la 8,975,000. Tukipunguza rejesho, tungelipa 213,000 kwa miezi 67 iliyobaki, jumla kama milioni 14 na laki tatu. Tukiacha rejesho palepale kwenye 451,000, deni lingeisha kwa miezi 24, jumla milioni 10 na laki saba. Tofauti ilikuwa milioni tatu na nusu, na miaka mitatu na nusu ya maisha yetu.

Nikamsogezea karatasi. Akaisoma taratibu, kidole kikifuata tarakimu.

"Hesabu yako sina ubishi nayo," akasema. "Ila hii milioni tatu na nusu ni ya 2028. Unga ni wa leo jioni."

Akaanza kuhesabu ya kwake, kwa vidole. Tumaini ndiyo kwanza ameingia kidato cha tano, bweni. Ada imefutwa mwaka huu, tunashukuru, lakini godoro tumenunua, sare tumenunua, nauli ya kwenda na kurudi ipo. Mdogo wake yupo la sita. Na mkataba wa kazi wa yeye mwenyewe, baba mtu, ni wa mwaka mwaka, naye ana miaka 54. "Nikikosa kazi Januari, hiyo 451,000 utaibeba peke yako? Hiyo 213,000 unaweza. Hii nyingine huwezi."

Sikuwa na jibu, kwa sababu alikuwa sahihi. Watu wanaoshauri kulipa deni haraka huwa hawakalii benchi lile. Kulipa haraka ni kuzuri ukiwa na uhakika wa mwezi ujao, na sisi hatukuwa nao.

Nikamwambia ninachokiogopa. Tangu tuoane, kila nafuu tuliyoipata sokoni imeliwa na soko. Nyongeza ya mshahara inaingia, na baada ya miezi miwili hakuna anayekumbuka ilienda wapi. Hiyo 238,000 itakayobaki mkononi tutaizoea, na mwaka 2028 yeye atakuwa na miaka 60, bado tunakatwa. Nilimwambia pia kwamba ile taarifa ya mkopo ilikuwa imeniondolea usingizi. Akanitazama. Hakuwa akijua. Miezi miwili nililala pembeni yake macho wazi na sikumwambia.

Akanyamaza kitambo, akizungusha kikombe. Halafu akasema jambo ambalo sikuwa nimeliweka kwenye hesabu yoyote.

"Ile gari ndiyo ilikuwa inampeleka mzee kliniki."

Baba mkwe wangu anaishi Mkuranga, ana presha na kisukari. Kila mwezi mume wangu alimfuata, akampeleka kliniki, akamrudisha. Nilijua, bila shaka. Lakini kichwani mwangu gari lilikuwa petroli, bima, matairi na tozo ya daraja. Kwake lilikuwa ni baba yake kukaa kiti cha mbele badala ya kupanda bodaboda na miguu imevimba.

"Nimelitoa mimi mwenyewe," akasema. "Nililitoa ili tupumue. Sasa unaniambia nimelitoa na kupumua bado."

Nilishindwa kumeza chapati. Nikamwambia, "Baba Tumaini, basi na iwe rejesho. Tupunguze rejesho." Na nilimaanisha. Nilikunja karatasi nikaiweka kwenye pochi.

Tukakaa. Kivuko kikaja, kikashusha watu, kikapakia, kikaondoka. Mama lishe akatuuliza kama tunaongeza chai, tukasema hapana. Ndipo mume wangu akanyoosha mkono akasema, "Nipe hiyo karatasi."

Akaisoma tena. Kisha akauliza, "Miezi ishirini na nne, umesema?"

"Ishirini na nne."

"Hadi Agosti 2024. Tumaini atakuwa amemaliza kidato cha sita." Akafikiri. "Chumba cha uani sasa kipo kitupu. Tukipangishe. Elfu sitini inapatikana Kibada. Lakini hiyo elfu sitini ni ya mzee, nauli na dawa. Haigusi deni, haigusi unga, hata tukilala na njaa. Ukinikubalia hilo, twende kwenye muda wako."

Nikamkubalia. Tulipeana mikono pale kwenye benchi, kama watu wanaouziana shamba.

Tulirudi benki saa nane na nusu. Nikasaini, akasaini. Kijana akachapa ratiba mpya ya marejesho, karatasi moja badala ya zile kurasa nyingi za mwanzo. Tulipopanda kivuko kurudi, nauli mia mbili mia mbili, tulisimama kwenye ukingo na watu waliobeba ndoo za samaki, na mume wangu akanishikia pochi. Katikati ya maji ndipo nilipokumbuka kwamba chumba tulichokipangisha kilikuwa na mwenyewe, naye hatukumuuliza.

Miezi ile ishirini na nne siwezi kuieleza yote. Mume wangu alitoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri kuwahi daladala. Nyama ilikuwa ya Jumapili, na Jumapili nyingine haikuwepo. Februari 2023 tulikopa kwenye kikoba kipya ili mkate usikosekane, na nilimchukia kila aliyeniambia habari za kubana matumizi, maana hapakuwa na pa kubana. Mkataba wa mume wangu ulihuishwa Januari ile, na uliofuata pia. Kama usingehuishwa, leo ningekuwa naandika mambo mengine kabisa, nami silisahau hilo. Ile elfu sitini hatukuigusa. Mzee alikuwa akisafiri kwa basi hadi Mbagala, mwanawe anampokea, na mara nyingi walipanda bajaji hadi mlangoni pa kliniki.

Kilichoniuma zaidi ni Desemba ya kwanza. Tumaini alirudi likizo na sanduku lake la bati, akaenda moja kwa moja uani, akakuta kufuli lisilo letu. Mpangaji alikuwa binti mpole, muuguzi. Nilikuwa nimempigia Tumaini simu shuleni kwa matroni, nikamwambia kuna mgeni chumbani kwake. Sikutumia neno mpangaji. Akasimama mbele ya mlango ule, kisha akageuka, akasema, "Sawa, mama." Akalaza godoro sebuleni, kati ya kochi na meza ya televisheni. Kila asubuhi alikuwa anaamka kabla yetu analikunja na kulisimamisha ukutani ili nisilione. Likizo zote za miaka miwili alifanya hivyo, na hakuwahi kulalamika. Ningependelea angelalamika.

Mwaka wa pili ndipo nilipomkalisha nikamwonyesha daftari, tangu ile 420,000 ya kwanza. Alisoma kwa makini. Akauliza, "Kwa hiyo chumba changu kinalipa dawa za babu?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Ungeniambia tangu mwanzo." Sina cha kujitetea. Nilipaswa kumwambia.

Rejesho la mwisho, la Agosti 2024, halikufika 451,000. Lilikuwa 369,000 na kidogo. Mume wangu aliliingiza mwenyewe, akanitumia picha ya risiti akiwa bado kwenye foleni. Hati ilichukua muda mrefu kuliko tulivyoambiwa, kwa kuwa rehani lazima ifutwe kwa msajili kwanza, nasi tulifuatilia kila wiki hadi tukaishika. Lakini hiyo ilikuja baadaye.

Mwisho wa mwezi uleule muuguzi alihama, tukiwa tumempa taarifa mapema. Nilisafisha chumba siku mbili, nikapaka chokaa, nikabadilisha kitasa. Fedha za mzee tukazihamishia kwenye ile 451,000 iliyobaki mkononi. Tumaini akarudi kutoka Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, mwanzoni mwa Septemba, mwembamba, ameungua jua, buti begani. Alikuta ufunguo mpya mezani, kwenye bahasha yenye jina lake. Aliushika, akamtazama baba yake, akanitazama mimi. Kisha akaenda sebuleni, akalinyanyua godoro lililokuwa limesimama ukutani, akalibeba kichwani kwenda nalo uani.