Gramu 30

Nilipomwambia mama naenda Madagaska miezi miwili kufanya kazi kwenye meli ya hospitali, na nauli najilipia, na chakula na malazi humo ndani nalipia pia, aliacha kuchambua mchele akaniangalia. "Yaani mwanangu, wewe ndo unawalipa wao ili uwafanyie kazi?" Nikamwambia ndio mama. Akasema haya, akarudi kwenye mchele wake.

Ilikuwa 2015, meli ni Africa Mercy ya shirika la Mercy Ships, imefungwa gatini bandari ya Toamasina. Zamani ilikuwa feri ya kuvusha treni huko Denmark, sasa ina vyumba vitano vya upasuaji na watu wanaojitolea kutoka kila kona ya dunia. Ilikuwa iende Afrika Magharibi, Ebola ndo ikaigeuza ikaja upande wetu huu.

Sasa watu wakisikia meli ya upasuaji wanawaza daktari bingwa na zile picha za kabla na baada. Mimi nilipangiwa wodi ya watoto na kazi yangu kubwa, sitanii, ilikuwa kunywesha maziwa.

Kulikuwa na katoto ka miezi mitano, mdomo sungura na kaakaa nalo limepasuka, kilo 2.9. Miezi mitano jamani! Ziwa la mama lipo limejaa lakini kunyonya ni kuvuta, na mtoto mwenye kaakaa wazi hawezi kuvuta, hewa inapita juu na maziwa yanatokea puani, anakohoa, anachoka, analala na njaa. Na kisu huwezi kumpeleka hivyo hivyo, madaktari wana kipimo chao cha siku nyingi, umri wiki 10, uzito kilo kama 4 na nusu, kiwango cha damu 10. Kwa hiyo unamkalisha wima mapajani, unamshika kidevu, kikombe kidogo kinagusa mdomo, tone, unasubiri ameze, tone lingine, ukiharakisha tu yanarudi yote kwenye gauni lako. Dakika arobaini. Baada ya masaa matatu mnaanza tena.

Usiku ndo nilikuwa napenda. Mama wa mtoto anatandikiwa godoro chini ya kitanda cha mwanawe, wodi nzima kina mama wako uvunguni, unapita na tochi unaangalia usije ukakanyaga mkono wa mtu.

Asubuhi mizani. Ikipanda gramu 30 nashangilia kama timu yetu ya Coastal Union wamefunga, ikishuka 40 kwa sababu alitapika usiku siongei na mtu mpaka chai ya saa nne. Nesi mwenzangu alikuwa ananicheka, kumbe na yeye ana daftari lake dogo kaandika uzito wa huyo huyo mtoto.

Lugha sasa. Kimalagasi sikijui ila kulikuwa na dogo mmoja wa matege, kanyooshwa, ana plasta miguu yote miwili, anashindana na wenzake kwenye korido na vigari vya kutembelea mpaka tunawafokea. Huyo alinichorea ng'ombe, akasema omby. Akachora kuku, akoho. Kondoo, ondry. Mbwa, amboa. Nikabaki namtazama, yaani hawa mifugo wao walivuka bahari na majina yao kutoka kwetu huku! Tangu siku hiyo mimi na yeye tulielewana bila mkalimani, ingawa kiukweli tuliongelea mifugo tu.

Miezi miwili ikaisha mtoto wangu ana kilo 4.1. Operesheni sikuiona, alifanyiwa nikiwa nimesharudi Tanga, nililetewa meseji tu nikiwa kwenye daladala.

Siku ya kuaga nilimnywesha ya mwisho, mama yake akamuuliza mkalimani eti huyu sista wanamlipa shilingi ngapi. Akajibiwa halipwi, yeye ndo analipa. Mama akaniangalia vile vile kama mama yangu, akasema kitu kirefuuu kwa Kimalagasi, mkalimani akacheka mpaka akashika mlango, na mpaka naondoka alikataa kabisa kunitafsiria.